Vidole vilivyobaki nje ya shuka: jinsi Uingereza ilivyomlilia Binti Mfalme Charlotte

Kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya kanisa la St George's, ndani ya kasri la Windsor huko Uingereza, kuna chumba kidogo cha ibada kiitwacho Urswick. Humo amelazwa mwanamke wa marumaru. Amefunikwa shuka gubigubi, utosini hadi nyayoni, na shuka hilo limechongwa kwa mikunjo mizito hata unaweza kulifuata kwa macho umbo la mwili uliolala chini yake. Uso hauonekani. Nywele hazionekani. Kilichobaki nje ni vidole vya mkono mmoja tu, vinachungulia ukingoni, kana kwamba waliomfunika walikuwa wakilia na hawakuona kuwa mkono umesalia nje.

Kwenye pembe nne za kitanda hicho wamejiinamia wanawake wanne, nao wamejitanda nguo vichwani. Kisha, juu yao, mwanamke yuleyule anatoka kaburini akiwa hai, uso wazi, akielekea mbinguni, na malaika wamesimama kulia na kushoto kwake. Mmoja wa malaika hao amempakata kichanga. Mwanga unaingia kutoka ubavuni kupitia vioo vya rangi, na marumaru nyeupe inapata joto kama la ngozi.

Kazi hii ni ya mchongaji Matthew Cotes Wyatt. Ilikamilika mwaka 1824 kwa fedha zilizochangwa na wananchi. Nimeitazama picha yake mara nyingi, na kila mara macho yangu yanawaacha malaika na kurudi kwenye vile vidole. Ndivyo vilivyonifanya nijiulize swali ambalo watu wamebishana juu yake kwa miaka mingi: taifa zima linamliliaje msichana ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona hata kwa mbali? Kilio kile kilikuwa cha kweli, au ulikuwa mtindo wa wakati ule? Mimi naamini kilikuwa cha kweli, ila marehemu aliyekuwa akililiwa hakuwa mmoja.

Tuanze na mwenyewe. Charlotte Augusta alizaliwa tarehe 7 Januari 1796, mtoto pekee wa George, mrithi wa kiti cha ufalme, na Caroline wa Brunswick. Wazazi wake walichukiana tangu mwanzo wa ndoa, wakatengana yeye akiwa mchanga. Baba alijulikana kwa anasa na madeni. Babu yake, Mfalme George III, alikuwa kipofu na akili zimemtoka, akiishi ametengwa kule Windsor. Mfalme huyo alikuwa amejaliwa watoto 15, na wengi wao walikuwa bado hai, lakini kati yao wote ni mmoja tu aliyekuwa na mtoto wa ndoa aliye hai, naye ni Charlotte. Mjukuu mmoja, na nyuma yake hakuna.

Watu walimpenda pia kwa ukaidi wake. Mwaka 1814 baba yake alitaka aolewe na mwana mfalme wa Uholanzi. Alipobanwa, alitoka mbio barabarani, akasimamisha gari la farasi la kukodi kama mpita njia yeyote, akakimbilia kwa mama yake. Tarehe 2 Mei 1816 aliolewa na aliyempenda, Leopold wa Saxe-Coburg, kijana wa ukoo mkubwa na mfuko mdogo. Wakahamia Claremont, nyumba yenye bustani kubwa huko Surrey.

Uchungu ulimshika Jumatatu jioni, tarehe 3 Novemba 1817. Aliyemsimamia alikuwa Sir Richard Croft, daktari wa uzazi wa watu wakubwa. Kwa miezi kadhaa Croft alikuwa amempunguzia chakula na kumtoa damu, kwa sababu ndivyo tiba ya wakati ule ilivyoelekeza kwa mjamzito mwenye afya na unene. Uchungu ulikaa kama saa 50. Koleo za kumvuta mtoto zilikuwepo, hazikutumika, maana mafunzo ya siku zile yalisisitiza kuiachia kazi asili yenyewe. Jumatano saa 3 usiku akajifungua mtoto wa kiume, mkubwa, amekwishakufa. Mama alionekana kuhimili. Usiku huohuo wa kuamkia Alhamisi hali ikageuka, na kama saa 8 na nusu akakata roho. Alikuwa na miaka 21. Miezi mitatu baadaye, Februari 1818, Croft akiwa kazini kwa mzazi mwingine alichukua bastola akajiua.

Kilichofuata hakikuwahi kuonekana. Vitambaa vyeusi viliisha madukani. Maskini wasioweza kununua nguo ya msiba walifunga kipande cheusi mkononi. Mahakama, soko la fedha la London na bandari vilifungwa, na siku ya mazishi, tarehe 19 Novemba, hata nyumba za kamari zilifunga milango. Watengeneza riboni za rangi waliiomba serikali ifupishe muda wa maombolezo kwa kuhofia kufilisika. Mwanasiasa Henry Brougham alikumbuka baadaye kwamba ilikuwa kana kwamba kila nyumba Uingereza imefiwa na mtoto wake kipenzi.

Neno la Brougham ndilo ufunguo. Watu wanaposikia kwamba taifa lilimlilia mtu wa kasri, hudhani ni uchawa au ushabiki. Lakini kufa kwa uzazi hakukuwa jambo la kasri. Mtaa wowote wa Uingereza mwaka 1817 ulikuwa na mume aliyeachwa na kichanga, au aliyezika wawili kwa siku moja. Wengi waliwazika watu wao hao bila jiwe, bila jina kuandikwa popote, bila hata siku ya kukaa matangani, kwa sababu kesho yake kuna kazi. Msiba wa Charlotte uliwapa ruhusa. Kwa majuma mawili ilikubalika kulia hadharani kwa ajili ya mwanamke aliyekufa akizaa, na nani angekuuliza machozi hayo ni ya nani hasa?

Ili kuelewa kwa nini kilio hicho kiligeuka kuwa sanaa ya namna hii, inabidi turudi nyuma kidogo. Makaburi ya kale ya wafalme wa Ulaya yalisema habari ya cheo: taji, ngao, mikono iliyokunjwa kifuani, maneno ya Kilatini. Katikati ya karne ya 18 pakaingia fikra mpya. Wanafalsafa na watunga riwaya walianza kufundisha kwamba uwezo wa kuumizwa na maumivu ya mwingine ndio alama ya moyo mwema. Chozi likawa ushahidi wa uungwana. Mwanaume msomi hakuona haya kusema kwamba alilia mbele ya sanamu, na wachongaji nao wakaanza kuchonga vitu vya kuliza.

Mfano mmoja wa mapema uko katika kijiji cha Hindelbank, Uswisi. Mwaka 1751 mke wa mchungaji wa pale, Maria Magdalena Langhans, alifariki kwa uzazi mkesha wa Pasaka. Mchongaji Johann August Nahl, aliyekuwa akiishi nyumbani kwa mchungaji huyo wakati akifanya kazi nyingine ya kulipwa, alichonga jiwe la kaburi lililopasuka katikati. Kwenye ufa, mama anachomoza na mtoto wake, siku ya kiyama imefika. Hakuna ngao wala cheo pale, kuna jiwe lililovunjika na mtu anayetoka. Wasafiri walikwenda Hindelbank makusudi kuliona, na nakala zake ndogo zikauzwa kwa wingi. Miaka 70 baadaye Wyatt alipomfanya Charlotte atoke kaburini, alikuwa akiitumia lugha iliyokwisha kueleweka.

Mwaka uleule wa 1817, miezi michache kabla ya kifo cha Charlotte, Francis Chantrey alionyesha London sanamu ya watoto wawili wa kike wamelala wamekumbatiana. Leo iko katika kanisa kuu la Lichfield. Wasichana hao walikuwa wamekufa, na mama yao ndiye aliyetaka wachongwe wakiwa usingizini. Akina mama walisongamana mbele yake wakilia. Kwa hiyo msiba ulipoingia Claremont, macho ya watu yalikuwa yamekwisha kuzoea kuliona jiwe kama mtu wa nyumbani.

Sasa mlinganishe Charlotte na Malkia Louise wa Prussia, aliyefariki mwaka 1810 akiwa na miaka 34. Mchongaji wake, Christian Daniel Rauch, aliwahi kuwa mtumishi wa ndani wa malkia mwenyewe, akimwona kila siku. Alimchonga amelala usingizi, uso wazi, mzuri, nguo nyepesi imeshuka juu ya miguu iliyopishana. Ukisimama pale Charlottenburg, Berlin, unajua unamtazama nani. Ni Louise, si mwingine.

Wyatt alifanya kinyume, na hapa ndipo naona ukubwa wa kazi yake, hata kama sehemu ya juu, ya mawingu na mabawa, hainigusi sana. Alimfunika uso. Aliwafunika waombolezaji. Akaacha vidole. Vidole havina cheo: huwezi kusema hivi ni vya binti mfalme na hivi ni vya mfumaji wa soksi. Aliyechanga kidogo alichokuwa nacho kwa ajili ya mnara ule alipofika Windsor hakukuta sura ya mtu asiyemjua. Alikuta shuka, na mwili chini yake, na mkono ambao huenda aliwahi kuushika yeye mwenyewe chumbani kwake. Nani kati yetu aliyewahi kukaa karibu na maiti ya mzazi asijue kwamba mkono ndio unaoumiza? Uso hubadilika upesi. Mkono hubaki kuwa wake.

Na yule kichanga. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza kilikuwa na agizo kwamba ibada ya maziko isisomwe kwa aliyekufa bila kubatizwa. Mtoto aliyezaliwa maiti hakuwa amebatizwa, na Waprotestanti hawakuwa na misa za kuwaombea wafu wala watakatifu wa kuwakimbilia. Huku kwetu Waislamu humhesabu mwanamke aliyekufa kwa uzazi kuwa shahidi, na wafiwa hupata pa kushika. Waingereza wa 1817 hawakuwa na neno kama hilo. Nadhani ndiyo maana walilihitaji sana jiwe. Kwa kumpa mtoto malaika wa kumbeba, Wyatt alisema kwa patasi jambo ambalo kitabu cha sala hakikuwa na nafasi ya kulisema: mtoto yupo, na anakwenda na mama yake.

Lakini si kila mtu angeweza kwenda Windsor. Kwa wengi, sanaa ya msiba ilikuwa ya mezani. Walikuwapo waliovaa pete nyeusi na vishaufu vyenye nywele chini ya kioo, na chini yao, kwa mamia na maelfu ya nyumba, vilikuwapo vyombo vya udongo. Chukua kikombe kimoja cha chai cha namna hiyo. Ukingo wake umepakwa rangi ya waridi inayong'aa kama madini. Ubavuni, kwa mistari myembamba ya rangi nyeusi, ameketi mwanamke mwenye kofia ya chuma na ngao: huyo ni Britannia, yaani nchi yenyewe. Ameegemea kaburi, kichwa kimelalia mkono. Jina la marehemu limeandikwa pale, na tarehe ya kifo.

Picha hiyo haikuchorwa kwa mkono kwenye kila kikombe. Fundi aliichora mara moja kwenye bamba la shaba, akalipaka wino, akalikandamizia karatasi laini, kisha karatasi ikabandikwa kwenye chombo na kuacha picha, na moto wa tanuru ukaishikiza. Bamba moja liliweza kutoa mamia ya nakala, na kwa bei ambayo hata fundi wa kawaida aliimudu. Mwaka 1816 viwanda hivyo vilikuwa vimetoa vyombo vya arusi ya Charlotte na Leopold. Mwaka uliofuata vikatoa vya msiba. Naamini kuna makabati yaliyobeba vyote viwili kwenye rafu moja.

Alama zake zilikuwa chache na kila mtu alizisoma bila kufundishwa. Chungu cha majivu, ingawa hakuna aliyechomwa. Mti wenye matawi yanayolalia chini kama nywele za mfiwa. Waridi lililokatika pamoja na tumba lake, yaani mama na mwana. Wapo wanaozidharau alama hizi kwa sababu zilirudiwarudiwa. Mimi sioni kosa. Maneno ya rambirambi nayo hurudiwa, na hakuna mfiwa anayelalamika kwamba "pole" amekwisha kuisikia. Sisi tunaovaa fulana zenye picha ya marehemu siku ya maziko, tukaendelea kuzivaa hadi sura ikafifia kwa kufuliwa, tunajua vizuri kwamba kitu kilichonunuliwa kwa mchapishaji kinaweza kubeba uchungu wa kweli.

Hata hivyo kuna upande ambao lazima usemwe, na ulisemwa wakati uleule. Charlotte alifariki Alhamisi. Siku iliyofuata, Ijumaa tarehe 7 Novemba, mjini Derby, wanaume watatu walinyongwa mbele ya umati, kisha wakakatwa vichwa: Jeremiah Brandreth, Isaac Ludlam na William Turner. Walikuwa wameongoza maandamano ya silaha ya mafundi na vibarua wenye njaa mwezi Juni kutoka kijiji cha Pentrich, na jasusi wa serikali alikuwa na mkono katika kuwachochea. Mshairi Percy Shelley aliandika kijitabu ndani ya siku chache. Hakumkejeli Charlotte. Alikiri kwamba kifo cha mwanamke kijana ni cha kuhuzunisha, kisha akauliza ni wanawake wangapi hufa wakizaa na kuacha yatima na wajane bila yeyote kuvaa nyeusi. Akawataja wale watatu wa Derby na jamaa zao. Mwisho akaichukua picha ileile ya jeneza na waombolezaji, akasema aliyekufa hasa ni Uhuru, na kwamba yeye ndiye anayestahili kufuatwa na taifa hadi kaburini.

Hoja ya Shelley inauma kwa sababu inagusa mahali palepale nilipopasifu. Shuka linaloacha nafasi ya kuweka wafu wako ndilo hilohilo linalofunika mambo. Chini yake kuna saa 50. Kuna damu aliyotolewa kwa maagizo ya daktari, chakula alichonyimwa, koleo zilizobaki kwenye mkoba. Madaktari waliendelea kubishana juu ya kifo hicho kwa vizazi kadhaa, na ubishi wao ulisaidia kubadili mawazo kuhusu lini mkunga aache kusubiri. Marumaru haibishani. Imekigeuza kifo kilichokuwa na sababu kuwa kupaa mbinguni. Nikiwa mbele ya picha ile huwa navihisi vyote viwili, shukrani na hasira, na sijaona kwa nini nichague kimoja.

Kifo hicho kilibadili hata ramani zetu. Ndugu za baba yake, watu wazima waliozoea kuishi na mahawara, walikimbilia kuoa mwaka 1818 ili kutafuta mrithi. Mmoja wao alimwoa dada yake Leopold, na tarehe 24 Mei 1819 akazaliwa Victoria, ambaye jina lake msafiri Mwingereza John Speke alilibandika mwaka 1858 kwenye ziwa ambalo wenyeji walikuwa na majina yao ya kuliita. Leopold mjane akawa mfalme wa kwanza wa Wabelgiji mwaka 1831, akaoa tena, na mtoto wa ndoa hiyo ndiye Leopold II, aliyeishika Kongo kama shamba lake kuanzia 1885. Msomaji wa Mwanza, Kisumu au Goma anaishi ndani ya matokeo ya usiku ule wa Claremont.

Leopold mwenyewe aliombolezaje, kabla hajawa mfalme wa mtu yeyote? Inasimuliwa kwamba hakuruhusu joho na kofia ya mkewe viondolewe pale alipovitundika mara ya mwisho aliporudi kutembea. Bustanini walikuwa wamepanga kujenga kijumba cha kunywea chai. Alikigeuza kuwa mahali pa kumkumbukia.

Wiki chache kabla ya kujifungua, Charlotte alikuwa amemwita mchoraji Thomas Lawrence aje Claremont amchore, mimba ikiwa kubwa. Ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mumewe, na ilitakiwa ifike siku yenyewe. Lawrence alitimiza ahadi. Tarehe 16 Desemba 1817 aliifikisha picha, na Leopold akamlilia pale akisema vizazi viwili vimeondoka, vimeondoka kwa dakika moja.

Waingereza hawana desturi ya kuhesabu siku za msiba kama sisi, na sidhani kama kuna mtu ndani ya nyumba ile aliyehesabu. Lakini kutoka tarehe 6 Novemba hadi tarehe 16 Desemba ni siku 40. Picha ya mke, akiwa na mtoto wake tumboni, ilibisha hodi mlangoni kwa mumewe siku ya arobaini yake.